Jiko la mkaa: lipindue uhesabu matundu kabla ya kulipa

Mwezi wa nne niliagiza jiko la mkaa kwa muuzaji wa mtandaoni. Pichani liling'aa kama sufuria ya arusi. Maharagwe ya kwanza yalimaliza jioni nzima, na mimi na binti yangu tukalala vichwa vikitugonga. Moshi hatukuuona. Asubuhi nililipindua: matundu tisa tu kwenye udongo wa ndani, membamba kama penseli, na majivu yameshayaziba.

Rangi na mishikio mtajichagulia wenyewe. Mimi leo nazungumzia matundu.

Mkaa mzuri kwa sehemu kubwa ni kaboni. Hewa ikiingia kwa mlango wa chini, makaa ya chini huungua na kutoa kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ikipenya kwenye makaa mekundu ya juu yake hukutana na kaboni zaidi, ikageuka kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikifika juu ikakuta joto na hewa ya kutosha, huungua. Ndiyo ile miali ya buluu inayocheza juu ya makaa. Matundu yakiziba, moto hupoa, miali hupotea, na gesi hiyo huja moja kwa moja mapafuni mwetu. Kwenye damu hung'ang'ania hemoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hata jiko bora kabisa huitoa, kwa hiyo fungua dirisha, na usilale nalo chumbani kamwe.

La kwanza kwangu ni Jikokoa, linalotengenezwa na kampuni ya Burn kule Ruiru, Kenya, na sifichi mapenzi yangu. Chumba cha moto ni cha chuma, kuta zimejazwa sufi ya kauri, kwa hiyo joto linabaki kwenye makaa. Langu linapitisha hewa vizuri na majivu hayagandi. Bei inauma, najua.

La pili ni lile la kauri lenye kiuno, lililoanza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand. Fundi mzuri wa jua kali hutoboa matundu mengi, yanayoingia kidole. Ila chagua kwa mkono wako, maana hakuna mawili yanayofanana.

La bati tupu: joto lote linaishia ubavuni. Liache.

Wauzaji ndio wananiudhi. Picha kumi za jiko, hata moja ya ndani hakuna! Ukiomba kulipindua, unaambiwa utalivunja. Na wa mkaa je? Mkebe umebonyezwa kitako, na gunia limenyunyiziwa maji ili lipande uzito. Maji hayo lazima yachemke kwanza, yanyonye joto la moto, na moto ukipoa ile gesi ndiyo inazidi. Siku hizi nanunua nusu gunia na kuuanika juani siku mbili ndipo niuwashe.