ActionScript 3: kukabidhi kitu cha jukwaani, au kukifuata kupitia root

Chukua mchezo mdogo wa kuvuna zabibu za Hombolo, ulioandikwa kwa ActionScript 3, lugha ya programu ya Flash. Jukwaani (stage, eneo la mchezo linaloonekana) kuna kisanduku cha maandishi, alamaTxt. Klasi ya Zabibu, yaani kodi inayoeleza kila zabibu, iko kwenye faili lake peke yake. Zabibu ikibofywa, alama zipande. Klasi hiyo itakifikiaje kisanduku?

Njia ya kwanza ni kukikabidhi kupitia konstrakta, kodi inayoendeshwa zabibu inapoundwa: new Zabibu(alamaTxt). Klasi inakitunza kama TextField (aina ya kisanduku cha maandishi) na kukitumia hata kabla zabibu haijawekwa jukwaani. Ukipitisha kitu cha aina nyingine, kompaila, programu inayotafsiri kodi, inakukatalia mapema. Naipenda njia hii, na ndiyo ningemwonyesha kwanza mwanafunzi yeyote wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Ina mpaka wake: zabibu uliyoipanga kwa mkono jukwaani huundwa bila kupewa chochote, kwa hiyo konstrakta inayodai kigezo huleta kosa 1063.

Njia ya pili ni MovieClip(root).alamaTxt: root ni kitu cha juu kabisa kinachobeba vitu vya mchezo, na hapa kinachukuliwa kama MovieClip, aina ya kitu cha Flash. Zabibu za kupangwa kwa mkono zinaihitaji hasa. Ila zabibu iliyoundwa kwa kodi, root yake ni null (haina kitu) mpaka iongezwe jukwaani kwa amri ya addChild. Ukiigusa ndani ya konstrakta unapata kosa 1009. Subiri tukio la ADDED_TO_STAGE, linalotokea zabibu inapowekwa jukwaani. (Flash Player ilisitishwa mwishoni mwa 2020, lakini kodi hii bado inafanya kazi kwenye AIR, mazingira mengine ya kuendesha programu za ActionScript.) Kinachonisumbua zaidi ni majina: MovieClip inakubali jina lolote, hivyo ukibadilisha alamaTxt kuwa jumlaTxt, kompaila hainong'oni kitu. Mchezo unakwama mchezaji akiwa ameshabofya.