Uzoefu wangu: pikapu ya dizeli ya oto inavyopangua gia

Watu wengi wakijaribu pikapu ya oto hukanyaga mafuta hadi chini, wakasikiliza turbo inavyoamka, kisha wakatoa hukumu. Kwangu hilo ni jaribio lisilo na faida kubwa. Karibu kila giaboksi ya siku hizi inajua kupangua gia, yaani kushusha gia ya chini, ukiikanyagia. Kazi ngumu ni kupangua ukiwa umeondoa mguu: gari linashuka, nyuma kuna mzigo, na kompyuta ndiyo inayoamua ikusaidie au ikuachie ushughulike na breki peke yako. Kwa kigezo hicho, pikapu yangu ya lita 3 yenye gia 6 naipa alama za juu kwa kupanda, za wastani kwa kushuka, na za chini inapokaribia kusimama.

Kupanda hakuna mengi ya kusema. Kwa mwendo wa 80 kwenye gia ya 6, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unakaa karibu na 1,500. Mlima ukianza, gia haibadiliki mara moja. Ndani ya konvata ya toki, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, kuna klachi inayofunga injini na giaboksi zizunguke pamoja. Hiyo ndiyo inayoachia kwanza, mshale unapanda mizunguko mia mbili tatu, na nguvu isipotosha ndipo gia ya 5 inaingia. Aliyezoea manyo, gari la gia za mkono, atakwambia imepangua mara mbili, kumbe mara ya kwanza gia haikuguswa.

Utaratibu huo unaifaa dizeli. Chukua mfano wa injini ya lita 2.8 ya Toyota Hilux iliyoboreshwa mwaka 2020: toki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 500 inapatikana kati ya mizunguko 1,600 na 2,800, ilhali nguvu ya juu kabisa, kW 150, inafika kwenye 3,400. Kwa injini za aina hiyo, kushuka gia moja mara nyingi kunatosha. Giaboksi inayokimbilia kushusha mbili au tatu inakupa kelele nyingi kuliko kazi. Yangu ina subira, na hapo naisifu.

Subira hiyo inageuka usumbufu ukifunga tela. Kwenye mwinuko mrefu usio mkali, inaingia ya 5, inaona mambo mepesi, inarudi ya 6, inaishiwa nguvu, inashuka tena. Ukiiacha itahangaika hivyo mlima mzima, na kila mara klachi za ndani zinapoachia na kushika, oili ya giaboksi inazidi kupata moto. Joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi ya oto. Dawa ni kusogeza wenzo upande wa kuchagua gia mwenyewe, ukaifungia kwenye 5. Mshale unakaa juu ya 1,600, pale pale toki ilipo, na kwenye matumizi ya mafuta sijaona tofauti ya kulalamikia. Angalizo moja: kwenye baadhi ya magari namba inayoonekana kwenye dashibodi si gia uliyomo, ni gia ya juu kabisa unayoiruhusu. Ukiona 5, gari bado lina ruhusa ya kushuka hadi ya 4 au ya 3 likihitaji. Kwa mzigo hilo ni jambo jema.

Sasa kushuka, ambako ndiko kwenye hoja yangu.

Injini ya petroli ukiondoa mguu, kizibo cha hewa kinajifunga na pistoni zinavuta kwa shida, gari linajizuia. Dizeli haidhibiti nguvu kwa kubana hewa, inadhibiti kwa kiasi cha mafuta kinachopulizwa. Hewa inaingia kwa wingi, inabanwa, kisha inaisukuma pistoni irudi kama springi iliyoachiwa. Sehemu kubwa ya nguvu uliyotaka ipotee inarudishwa kwenye magurudumu. Kwa hiyo dizeli kwenye gia ya juu inateremka karibu kama gari lililo nyutro, na anayetoka kwenye petroli anashangaa breki zinavyonuka mapema.

Tiba ni mizunguko, na mizunguko inaletwa na gia ya chini. Pikapu yangu kwenye hali ya kawaida haijali: iko kwenye 6, mteremko unaikaza, nayo imetulia tu. Nikibonyeza kitufe cha kuvuta tela, tabia inabadilika. Nikigusa breki kwa uthabiti na kuishikilia kidogo, inapangua hadi 5, nikigusa tena inaingia 4, na inabaki huko hadi nikanyage mafuta. Nashangaa kwa nini akili hiyo imefichwa nyuma ya kitufe chenye picha ya tela, maana pikapu iliyobeba mchanga nyuma inaihitaji vilevile, na mwenye mchanga hana sababu ya kudhani kitufe hicho kinamhusu. Mimi nakibonyeza kwenye kila mteremko mrefu, tela liwepo lisiwepo.

Abiria hawapendi. Mshale ukifika 3,000 wakati tunashuka, kuna atakayeuliza kama injini haitapasuka na kama hatumalizi mafuta. Mafuta hayaendi kokote: ukiwa kwenye gia na mguu umeondoka, dizeli ya kisasa hukata upulizaji kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Nayo haipasuki, kwa sababu kompyuta inakataa kushusha gia itakayopitisha injini kwenye kikomo chake. Yangu hulia mlio mfupi na kubaki ilipo. Ndiyo maana nguvu za breki unazitumia mwanzo, kupunguza mwendo kabla mteremko haujakolea, kisha unachagua gia. Ukisubiri gari liwe limeshakimbia, utaomba ya 3 na utanyimwa.

Kwenye barabara yenye utelezi nakuwa mpole zaidi. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na ukiwa unaendesha kwa magurudumu mawili ya nyuma tu, kizuizi chote cha injini kinaangukia huko huko nyuma. Gia ikishuka kwa ghafla, mkia unaweza kuchepuka.

Pikapu kubwa za Marekani, kama Ford Super Duty ya dizeli na Ram yenye injini ya Cummins, zimelimaliza tatizo hili kwa breki ya ekzosi: turbo inabana njia ya moshi, injini inasukuma dhidi ya ukuta, na giaboksi inashusha gia kusaidia. Pikapu za ukubwa wangu kwa kawaida hazina kitu hicho. Niliwahi kuazimwa yenye gia 10, na kwenye mteremko ilinifurahisha, maana hatua kati ya gia na gia ni fupi na hupati ule mvuto wa ghafla unaopeleka abiria mbele. Mjini, hata hivyo, ilikuwa inashusha na kupandisha bila kutulia. Bado nazipenda 6 zangu.

Linabaki la kusimama. Kwenye foleni, gari likikaribia kusimama, gia ya 2 kwenda 1 inaingia na kishindo ambacho mara ya kwanza unadhani umegongwa nyuma. Karakana ya kwanza ilidai giaboksi nzima ibadilishwe. Fundi mwingine alibadilisha oili kwa ile hasa iliyotajwa kwenye kitabu, akapima kiwango oili ikiwa na joto linalotakiwa, akafuta mazoea ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza. Kishindo kikapungua sana. Na habari za oili isiyobadilishwa maisha sizinunui. ZF, watengenezaji wa giaboksi ya gia 8 iliyofungwa kwenye Volkswagen Amarok, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Kwa mzigo wa kawaida na tela dogo, ningeinunua tena, ila ningeijaribu kwenye mteremko kabla ya kulipa. Kwa anayevuta mzigo mzito milimani kila siku, nisingempendekezea yoyote isiyo na breki ya ekzosi.