Kambi ya Mazoezi ya Vijana Iten: Uwanjani Salama, Bwenini Mashaka

Likizo ya Agosti niliwapeleka wanariadha wa shule yetu katika kambi moja iliyo nje kidogo ya mji wa Iten. Kwa kuwa wazazi huuliza zaidi kuhusu chakula na makocha, ambavyo vyote ni vizuri, nitaeleza jambo linaloulizwa mara chache: jinsi kambi inavyokabiliana na mafua na virusi vingine vya njia ya hewa.

Mazoezini sina lalamiko. Vijana hukimbia alfajiri kwenye barabara za udongo mwekundu, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mahali palipo wazi ambapo upepo hutawanya pumzi zao na kupunguza sana uwezekano wa kuambukizana. Chupa ya maji ya kila mmoja imebandikwa plasta yenye jina lake, na kocha hamruhusu yeyote kunywa ya mwenzake, hata anapokuwa hoi baada ya mbio za kupokezana kasi.

Mashaka huanza usiku. Vitanda vya ghorofa vimebanwa kiasi kwamba wanaolala jirani hupumuliana usoni, na kwa sababu ya baridi ya Agosti vijana hufunga madirisha yote, kisha huziba kwa taulo upenyo ulio chini ya mlango. Hewa hiyohiyo huvutwa na bweni zima hadi alfajiri. Ikumbukwe kwamba mwenye homa ya mafua anaweza kuanza kuambukiza wengine siku moja hivi kabla hajahisi dalili yoyote, kwa hiyo kumhamisha aliyeanza kukohoa, ingawa ni lazima, hakutoshi. Hata huko kumhamisha hakukuwa kumepangwa: kijana wetu alipougua, ilibidi tuombe ghala la vifaa liondolewe magodoro ndipo apate pa kulala peke yake. Sabuni kwenye mtungi wa kunawia nayo iliisha mara kwa mara.

Anayestahili sifa kubwa ni matroni. Kila asubuhi, kabla viatu havijavaliwa, huwapima joto na kuwauliza kuhusu koo na kifua. Mwenye makamasi tu bila homa huruhusiwa kukimbia polepole. Mwenye homa au maumivu ya mwili hubaki, wala kocha habishi, kwani kujikaza kwa mazoezi makali wakati wa homa kunaweza kuhatarisha misuli ya moyo. Nimeona kambi ghali kuliko hii ambako kijana wa namna hiyo huambiwa ajikakamue.

Ningewarudisha, ila kwa masharti: walale kichwa kwa miguu, kila mmoja aje na blanketi la pili ili dirisha liachwe wazi kidogo, na mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta. Uongozi unasema utapunguza vitanda likizo ijayo na kuongeza ada kidogo. Nyongeza hiyo nitailipa bila kunung'unika.