Tarehe kwenye webu: ipangwe na seva au brauza?

Kwanza UTC (saa moja ya pamoja ya dunia) kwenye databesi, hapo hakuna mjadala. Ubishi ni nani aigeuze iwe saa ya mtu.

Kwa gharama brauza inashinda, Intl.DateTimeFormat, zana ya JavaScript ya kuandika tarehe, imo tayari, hubebi laibrari yoyote (kodi ya programu ya nje) na saa za eneo inazijua yenyewe, yaani mtu wa Dar anaona 18:00 na ndugu yake London mwezi wa saba anaona 16:00 bila wewe kuuliza kitu. Ukitumia seva itabidi umuulize kila mteja yuko wapi, na akisafiri je?

Ila kwa uhakika mambo yanageuka. Kanuni za saa hubadilika: Misri walirudisha saa za kiangazi (kusogeza saa mbele msimu wa joto) 2023, seva unaiapdeti mara moja basi, simu kuukuu isiyopata apdeti itaendelea kudanganya tu.

Risiti za PDF na imeili ni kazi ya seva, huko hamna brauza. Chati na dashibodi, iachie brauza. Tiketi ya basi onyesha saa ya kituo cha kupandia, popote mteja alipo. Na ile saa 3 asubuhi yetu usiitegemee kokote, seva na brauza zote zitakuandikia 9:00, hiyo kodi ya kuigeuza unaandika mwenyewe.