Plau la zamani: kipuri gani ununue kwanza na kipi uachane nacho

Wakuu, msimu unakaribia na najua wengi mna plau la ng'ombe mlilorithi kwa mzee, limelala chini ya mwembe, ukilifunga maksai linaparua juu juu tu na wewe unaning'inia kwenye mikono kulikandamiza. Usikimbilie kununua jipya. Mara nyingi kilichokufa ni vyuma viwili vya chini, vingine vyote bado vina maisha.

Ila kabla ya kutoa hata mia, angalia boriti, yaani ule mti mrefu wa chuma unaobeba vyote. Vuta kamba kutoka mwanzo hadi mwisho uone kama imepinda upande. Kama imepinda, achana na mambo ya vipuri, maana hata ukifunga chuma kipya plau litakuwa linakimbilia pembeni na wale ng'ombe watakuchukia.

Imenyooka? Haya, hela ya kwanza kabisa iende kwenye sheya, ile ncha pana inayokata udongo. Sheya ambayo haijalika huwa imeinamia chini kidogo, hiyo ndo inafanya plau lizame lenyewe bila kukandamizwa. Ikishalika inakuwa bapa au inapinda juu, basi plau linaelea. Lipeleke kwenye sakafu ya simenti, lisimamishe, chungulia ubavuni: plau lenye sheya nzuri linagusa chini kwenye ncha na kisigino cha nyuma tu, katikati kuna mwanya wa milimita chache hivi. Kama hakuna mwanya, sheya imekwisha, hata kama kwa macho inaonekana nene. Sisi wa Usukumani tunaolima luseni, ule mchanga wa juu, sheya inaisha haraka kuliko wenzetu wa mbuga, mchanga unafanya kazi kama msasa.

Sasa sheya ipi. Namba moja kwangu ni mpya ya kampuni ile ile iliyotengeneza plau lako. Angalia muhuri kwenye mwili, yaani sehemu ya chini inayobeba sheya, au kwenye boriti, maplau mengi ya zamani huku kwetu ni ya UFI, kile kiwanda cha Ubungo, mengine ni ya Zana za Kilimo Mbeya, kuna Cossul ya India na kuna Mealie Brand ya Bulawayo, Zimbabwe. Matundu ya bolti mara nyingi hayalingani kati ya kampuni na kampuni kwa hiyo usiende dukani na maneno mdomoni, fungua sheya ya zamani uiweke kwenye mfuko uende nayo, uzilaze mgongo kwa mgongo mbele ya muuzaji. Sheya ya plau la inchi 9 na ya plau la inchi 10 kwa macho zinafanana kabisa.

Namba mbili, na wengi watanibishia, ni mhunzi. Kama ya orijino haipatikani, mpe fundi anayejua moto kipande cha springi ya lori aongezee ncha ya sheya yako. Chuma cha springi kina kaboni nyingi kwa hiyo kinashika ugumu, sio kama bati la geti. Ila muulize anapoza na nini, akikwambia anatumbukiza kwenye maji ya baridi moja kwa moja kuwa makini, springi kwenye maji inaweza kupasuka, oili chafu ya injini ni salama zaidi. Nina ncha ya hivyo imekula misimu miwili na bado ipo.

Namba tatu, ya kuchomoa kwenye plau la jirani lililokufa au kwa wauza vyuma chakavu. Ni bei rahisi, ila fanya ule mtihani wa sakafu kabla hujalipa.

Ya mwisho kabisa, na mimi hapa nilipigwa, ni zile sheya mpya zisizo na muhuri wowote, zimepakwa rangi nzuri ya kung'aa. Nilinunua moja duka fulani mjini, nikaona nimeokota, nikalima ekari chache tu ncha ikawa duara kama kijiko. Siku hizi natembea na tupa ndogo mfukoni, nasugua pembeni kidogo, tupa ikiteleza bila kushika chuma ni kigumu, ikila kama inakula mbao rudisha kaunta. Muuzaji akikataa usijaribu, umeshapata jibu.

Hela ya pili iende kwenye lile bati la ubavuni linalosugua ukuta wa mfuo, ule mfereji plau linaoacha, na kisigino chake. Watu wanalisahau kwa sababu halikati kitu, lakini ndilo linalozuia plau lisisukumwe pembeni na udongo unaopinduliwa. Ukifunga sheya mpya na kisigino kimekwisha, utarudi kunitukana.

Bolti nunua mpya zote, zile za kichwa bapa chenye shingo ya mraba kinachozama kwenye tundu. Ukiweka za kawaida za kichwa nje udongo unashika pale na ng'ombe wanavuta uzito wa bure. Ubao wa kupindua udongo, lile bati lililojipinda juu ya sheya, mimi naubadilisha mwisho, kama haujatoboka sugua kutu, upake grisi kila ukimaliza msimu, utang'aa wenyewe shambani. Gurudumu likicheza badilisha bushi tu.

Muda wa kununua ni mkishauza pamba, usisubiri mvua ya Novemba, hapo kila mtu anataka sheya na bei inajua hivyo.

Halafu piga hesabu. Vipuri vyote vikivuka nusu ya bei ya plau jipya, nunua jipya, ila lile la zamani usiwape watu wa vyuma chakavu. Ondoa mwili wa chini, ile boriti ukiifungia mwili wa kupandisha matuta inakupa matuta ya viazi, au ukiipata ripa ya Magoye ile ya Zambia, yaani jembe jembamba la kuchana udongo, imetengenezwa kufungwa kwenye boriti ya plau la kawaida, unapasua mstari wa kupandia bila kugeuza shamba zima.