Samani za Magereza Dar es Salaam: nini cha kununua na nini cha kukagua

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kitanda cha mbao nzima ana milango mitatu ya kugonga: mafundi wa Keko, maduka ya samani za kutoka nje, na Jeshi la Magereza, ambalo wafungwa wake hufanya useremala katika karakana kama ile ya Gereza Kuu Ukonga. Maoni yetu ni haya: kitanda, meza ya chakula, na meza na viti vya ofisi, chukua Magereza. Kochi la sponji na kabati la jikoni lenye milango ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi), nenda Keko, kwa sababu pale mitindo hubadilika kila mwezi na fundi atakufuata mpaka nyumbani kuja kupima.

Mahali pazuri pa kuanzia ni banda la Magereza kwenye Maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai. Samani nyingi huwekwa pamoja, na unaruhusiwa kuinama ukachungulia uvunguni. Huko uvunguni ndiko ukweli uliko. Vanishi ya juu humdanganya yeyote, lakini mbao ya chini haijapakwa kitu.

Tuseme ni kitanda cha tano kwa sita. Godoro lake ni inchi 60 kwa 72, hivyo nafasi ya ndani iwe imezidi kidogo, nusu inchi kila upande inatosha. Ikibana, shuka haitachomekeka. Ikizidi inchi moja kila upande, godoro litacheza. Tazama pale ubavu unapokutana na mguu. Ubavu wa unene wa inchi moja na nusu unatakiwa uwe na ulimi wa unene wa nusu inchi, yaani theluthi ya mbao, unaozama kwenye tundu la mguu angalau inchi moja na nusu, na bolti ya kuukaza. Ukiona misumari imepigwa kwa mshazari na gundi imejazwa kwenye mwanya, kitanda hicho kitaanza kulia ndani ya mwaka, kwa sababu msumari haushindani na mtikisiko wa pembeni. Chaga nazo zihesabiwe. Zikiwa na upana wa inchi 3 na nafasi ya inchi 3 katikati, urefu wa inchi 72 unataka chaga 12. Chini ya hapo godoro litabonyea. Na kwa kuwa upana ni futi 5, lazima pawe na mhimili wa kati wenye mguu wake unaofika sakafuni. Wauzaji wengi wa mjini huuruka mhimili huu kwa vile hauonekani.

Mbao sasa. Mninga ndio unaotafutwa na wengi, na una haki ya sifa zake: hausinyai sana wala haupindi ovyo, na uzito wake wa wastani unamrahisishia fundi kupiga randa. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, unafaa kwa meza itakayobeba mashine au mafaili. Tatizo la mninga liko kwenye ile sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na gome. Kiini chake cha kahawia chenye michirizi kinajilinda, lakini weupe ule ni chakula cha bungua. Utaona vitundu kama vya sindano na unga laini sakafuni. Kwa hiyo kagua mgongo wa kabati, chini ya droo, na upande wa ndani wa mbavu. Ukiona weupe wenye upana wa kidole, omba ubao ubadilishwe kabla ya kulipa. Rangi ya mninga pia huigizwa kwa kupaka mkaratusi au paina. Upande usiopakwa utakuonyesha.

Faida ya kununua kwa mzalishaji huyu inaeleweka ukijua alikotoka. Magereza ya Tanganyika yalitenganishwa na Polisi mwaka 1931. Sheria ya Magereza inayotumika ni ya 1967, na mwaka 1974 ikatungwa sheria iliyoleta Shirika la Magereza, ambalo wengi hulijua kwa jina la SHIMA, ili kazi ya wafungwa iendeshwe kibiashara: mashamba, mifugo, ushonaji, useremala. Matokeo yake ni kwamba raia yeyote anaweza kuingia na kununua.

Si kila nchi inaruhusu hivyo. Marekani wafungwa wa magereza ya shirikisho nao hutengeneza samani, lakini mwananchi wa kawaida hazipati. Chukua gereza la Leavenworth, Kansas. Kiwanda chake cha viatu kilianza miaka ya 1920. Viwanda vya kule vilikusanywa chini ya shirika moja kwa sheria ya 1934, na tangu 1977 vinauza kwa jina la UNICOR, wateja wake wakubwa wakiwa idara za serikali ya shirikisho. Viwanda binafsi na vyama vya wafanyakazi vililalamika mno kuhusu ushindani wa kazi ya mfungwa, ndipo soko la nje ya serikali likafungwa. Sisi hapa fundi wa Keko na mfungwa wa Ukonga wanauza kwa mteja yule yule.

Kuhusu malipo ya mfungwa, Katiba yetu, ibara ya 25, haiihesabu kazi inayofuata hukumu ya mahakama kuwa kazi ya shuruti. Kisheria pamekwisha. Lakini UNICOR hutangaza kiwango chake, senti 23 hadi dola 1.15 kwa saa, kidogo mno, ila kinajulikana na kinajadiliwa. Tungependa kila kitanda cha Magereza kiuzwe na karatasi inayosema ni aina gani ya mbao, karakana ipi imekitengeneza, na aliyekichonga anaondoka na nini, fedha au cheti cha ufundi. Mnunuzi anayejali angelipa hata zaidi kwa karatasi hiyo.

Ukiweka oda, kumbuka fundi wako ni mfungwa. Mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi ya kifungo, na Rais hutoa msamaha siku kama Muungano, 26 Aprili, na Uhuru, 9 Desemba. Ni habari njema kwake na kwa familia yake, lakini karakana inaweza kubaki bila mkono wake bora katikati ya kazi. Kwa seti ya viti sita, uliza kama vitachongwa kwa mkupuo mmoja, na uandikishe tarehe ya kukabidhiwa. Chora unachotaka, weka vipimo kwa inchi, taja mbao kwa jina, kisha pande zote mbili zisaini. Picha ya kwenye simu peke yake huleta ubishi.

Malipo ya taasisi za Serikali hupitia kumbukumbu namba. Omba namba hiyo, lipa benki au kwa simu, na udai risiti. Fedha usiitoe mkononi. Ukienda eneo la gereza beba kitambulisho, usipige picha, na usimpe mfungwa chochote, hata sigara moja, kwani ni kosa kwako na kwake.

Usafiri panga mwenyewe. Kirikuu kinabeba kitanda kilichofunguliwa, ila bolti zifungwe kwenye mfuko na kuandikwa ni za kona ipi. Meza ya mbao nzima inayokwenda chumba cha kiyoyozi iulizwe swali moja la ziada: uso wake umeshikwaje kwenye fremu? Hewa ya Dar ni nzito kwa unyevu, na kiyoyozi huukausha ubao mpaka unasinyaa. Matundu ya skrubu yakiwa marefu kidogo, uso utasogea salama. Ukiwa umegandishwa kwa gundi pande zote, utapasuka katikati, hata kama ni mninga safi.