Feni ya bomba kwenye chumba changu cha sinema: miezi saba baadaye

Kwa miaka miwili niliapa kwamba chumba changu cha sinema hakina shida ya hewa, maana kina AC. BTU 12,000 kwenye chumba cha mita nne kwa tano, kisipoe kwa nini? Kilikuwa kinapoa mpaka wageni wanaomba khanga za kujifunika. Ila siku ya derby ya Kariakoo tukijaa watu wanane, mlango umefungwa, ikifika mapumziko nusu yao wanapiga miayo, mmoja kashalala kabisa, na mimi kichwa kinanigonga. Mke wangu akichungulia hakai. "Baba Nasri, humu mnanuka," anasema, anarudishia mlango, anakwenda zake.

Tulikuwa tunasingizia biriani. Nikaazima kazini kipimo cha kaboni dayoksaidi, ile gesi tunayoitoa tukipumua. Nje ya nyumba, hapa Tabata, kilisoma 430 na kitu, yaani sehemu kwa kila milioni ya hewa. Mle ndani, baada ya dakika 45 za mpira, 2,150. Wanaoshughulika na hewa ya majengo wakiona imepita 1,000 huanza kuuliza maswali. Ndipo nikaelewa kitu ambacho fundi wa AC hakuwahi kunitamkia: AC ya split, hii ya kipande cha ndani na cha nje, haiingizi hewa mpya hata chembe. Yale mabomba ya shaba yanayotoka nje yanapitisha gesi ya kupoozea. Hewa yenyewe ni ile ile ya chumbani, inavutwa, inapozwa, mnarudishiwa. Na dirisha pekee lililokuwepo nililiziba kwa tofali kwa mkono wangu, eti mwanga usiharibu picha ya projekta.

Nikanunua feni ya bomba ya inchi 6, ile ya duara inayokaa katikati ya bomba, Sh 185,000 pale Kariakoo. Lebo inasema inasukuma mita za ujazo 520 kwa saa, wati 60, spidi mbili. Nilichagua kubwa makusudi: watu wanane wanahitaji kama 250 hivi, na namba ya kwenye lebo huwa ni ya feni isiyofungwa bomba. Ukishaweka elbo mbili (vile viungo vya kukunja bomba) na kofia ya nje, unabaki na pungufu. Tena feni kubwa ikizunguka polepole haina kelele kama ndogo inayojiua.

Fundi wa kwanza alifunga kwa saa mbili, akalamba hela yake, akaondoka. Feni inaunguruma, nikaridhika. Wiki hiyo hiyo mke wangu kafukiza udi sebuleni, nikachukua chetezo nikakiweka chini ya tundu la dari nione moshi unavyovutwa. Ulivutwa vizuri sana. Baada ya muda mtoto akauliza kutoka chumbani kwake, "Mama, mbona umefukiza na huku?" Nikapanda darini na tochi. Bwana yule alikuwa ameacha mdomo wa bomba wazi juu ya jipsamu, chini ya mabati. Joto letu na pumzi zetu zote zilikuwa zinamwagwa darini, halafu zinashuka kupitia matundu ya taa kwenye chumba cha watoto.

Fundi wa pili ndiye aliyenifundisha kazi. Alitoa bomba mpaka nje ya ukuta, akaweka kofia na wavu wa wadudu, kisha akaniuliza: hewa ya kuingia inapitia wapi? Sikuwa na jibu. Kumbe ndiyo maana mlango ulikuwa unapiga mluzi na kuwa mzito kufungua. Feni inanyonya na hakuna kinachoingia. Tukatoboa tundu chini ya ukuta wa korido, upande wa pili wa chumba, ili hewa ipite kwa watu kabla ya kutoka. Korido, si nje, kwa sababu hewa ya nje ya Dar mwezi Machi ni mvuke mtupu, AC ingehangaika nayo usiku kucha. Sauti isivuje, tundu lile likafunikwa kwa boksi la mbao lenye kona tatu ndani, limebandikwa ndani ile pamba ya kioo inayowekwa chini ya mabati. Yeye alitaka godoro, nikakataa. Sponji ya godoro ikishika moto haina msamaha. Feni yenyewe inaning'inia kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mtikisiko usifike kwenye dari.

Kipimo nilikiazima tena kwa derby iliyofuata. Watu wale wale, biriani lile lile: hakikuvuka 1,080. Hakuna aliyelala, ingawa kwa mpira uliochezwa siku ile wangestahili. Spidi ya kwanza siisikii kabisa sabufa ikiwa imewashwa. Spidi ya pili naisikia kwenye filamu zenye kimya kirefu, na inaniudhi. AC inafanya kazi zaidi kidogo kuliko zamani, sitawadanganya, lakini LUKU haijanishtua, maana feni kwa saa tatu haimalizi hata robo ya uniti. Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vumbi: wavu wa tundu la korido unataka kufutwa kila wiki mbili, na nikisahau ule mluzi wa mlango unarudi.

Limebaki la jirani. Mdomo wa bomba unatazama dirisha lake, na yeye mpira anautazama kwa intaneti, unachelewa. Juzi kaniambia kwamba magoli yote mawili ameyasikia kwangu kabla hajayaona kwake. Fundi anakuja Jumamosi kuongeza elbo.